Mwambie Ndinda Mimi Ni Nani

Landhi za Hospitali,
Nakuru.

Kwa Mama Mkwe, kwa mkono wa shemeji yangu Kioko.

Mama,

Najua sina ruhusa ya kukuita hivyo bila mtu wa kusimama katikati yetu. Kwetu Maragoli mwanamume hasemi na mama wa mke wake uso kwa uso, na kwenu Ukambani naambiwa aibu hiyo ni kali zaidi, mtu akimwona mama mkwe njiani anaingia kichakani, kuwe na miiba kusiwe na miiba. Basi hesabu kwamba barua hii naiandika nikiwa kichakani. Nimekaa kwenye kigoda, uso nimeuelekeza ukutani, na Kioko ndiye atakayesimama katikati asome.

Shemeji Kioko, salamu zako ziko mwisho, usizitafute sasa. Soma polepole. Nakujua unavyopenda kuruka mahali pagumu ukidhani unamhurumia msikilizaji. Mimi kazi yangu ya kila siku ni hiyohiyo, kwa hiyo hila zake zote nazijua. Leo usiruke hata neno.

Mama, natumaini mvua imefika huko na mbaazi zako zimesimama vizuri, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Watu wakiandika barua husema, sisi huku wazima, hofu ni juu yenu. Nimejaribu kuandika hivyo na kalamu imekataa. Mimi ni mzima. Mjukuu wako Mideva ni mzima, anakula na kugombana na watoto wa landhi nzima, hizi nyumba zetu za wafanyakazi. Ndinda si mzima.

Nimelisema. Sasa nipe nafasi nieleze, maana mdomo ndio jembe langu, na nisipoeleza nitapasuka.

Ilikuwa asubuhi, kwenye mfereji tunakoteka maji. Mimi nilikuwa tayari wodini, naosha kidonda cha mzee mmoja wa Olenguruone. Mke wa Barasa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaja mbio bila viatu, akasimama mlangoni mwa wodi ya wanaume, mahali ambapo wanawake hawasimami. "Baba Mideva, kuja! Ndinda ameanguka, na mudomo yake imeenda upande!" Nilikimbia na kitambaa cha mzee mkononi. Nilimkuta amelala kando ya debe, maji yanamtiririkia, jicho moja linanitazama na lingine linatazama kwingine. Mkono wake wa kulia niliuinua, nikauachia, ukaanguka kama mkono wa mtu mwingine. Mama, mimi nimeona mikono mingi ikianguka hivyo. Nilijua papo hapo jina la ugonjwa, na kulijua hakukunisaidia chochote.

Ni kiharusi. Najua huko mtasema ni upepo, na hapa landhi pia wapo waliosema ni upepo, na wapo walionong'ona kwamba watu wa kwetu ndio wamemtupia kwa sababu niliacha wasichana wa Maragoli nikaenda kuoa mbali. Waache waseme. Daktari alimpima kifua kwa mipira yake, akasikiliza muda mrefu kuliko anavyosikiliza watu wengine, mpaka nikaogopa. Halafu akanieleza kwa Kizungu, nami nakueleza wewe kama ninavyowaeleza wagonjwa.

Moyo una vyumba, na kati ya chumba na chumba kuna mlango mdogo wa nyama unaofunguka na kufunga kila unapopiga. Mlango mmoja wa Ndinda umekakamaa, haufunguki wote. Damu ikikosa njia inatuama mle chumbani, na damu iliyotuama inaganda. Kipande kidogo kilibanduka, kikapanda na mshipa wa shingo mpaka ubongoni, kikaziba mshipa wa upande wa kushoto. Na ubongo wa kushoto ndio unaotawala mkono na mguu wa kulia, pande zimepishana, ndivyo Mungu alivyoziunga. Ndiyo sababu upande wake wa kulia umepooza.

Daktari anasema mlango kama huo huharibika mtu akiwa bado mtoto. Mtoto anaumwa koo, koo linapona, halafu magoti na viwiko vinavimba kwa zamu, leo hapa kesho pale, na homa haiishi. Watu wanadhani ni ugonjwa wa viungo tu, kumbe umeingia moyoni na kukaa kimya. Akaniuliza, "Mke wako aliugua hivyo utotoni?" Mama, sikujua. Nimelala naye chumba kimoja, nimezaa naye, na sikujua kama magoti yake yaliwahi kuvimba. Hilo ni swali la kwanza ninalokuuliza. Liko moja tena, nitalifikia.

Sasa nieleze kazi yangu, maana sidhani kama Kioko amekueleza sawasawa. Anapenda kusema mimi ni daktari mdogo. Mimi si daktari, mkubwa wala mdogo. Naosha vidonda, nafunga bendeji, na daktari anapozungumza na mgonjwa mimi nasimama katikati natafsiri. Nakuru hii ina kila kabila, na kila kabila linaumwa. Kiswahili kinabeba wengi, na wasiobebwa na Kiswahili nimewaokotea maneno kidogo kidogo: Kikuyu cha kuuliza tumbo, Kinandi cha kuuliza kichwa, Kijaluo cha kuuliza umelala vipi. Ini, figo, wengu, mapafu, uti wa mgongo, vyote navijua kwa majina kadhaa. Nilikuwa najivuna, sitakuficha. Barasa alikuwa akiniita redio.

Neno lililonisumbua siku zote ni mishipa ya fahamu. Ukimwambia mzee mshipa, anafikiri damu. Yule mzee wa Olenguruone mguu wake umekufa ganzi, haukuhisi moto mpaka ukaungua, na nilipomwambia tatizo liko mgongoni alinitazama kwa huruma. "Kijana, mgongo yangu ni mzuri. Ni mguu ndio mgonjwa." Nikamwambia mwilini kuna nyuzi nyembamba kama zile nyaya za simu za barabara ya Nairobi, zinatoka ubongoni, zinapita ndani ya uti wa mgongo, zinashuka mpaka kwenye vidole. Uzi wako umekatika njiani. Akafikiri, akasema, "Kama waya imekatika, si mufunge? Watu wa posta wanafunga kila siku." Wodi nzima ikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Nilimtafsiria daktari swali hilo, naye akacheka. Ndinda alipolazwa nilimfuata daktari barazani nikamuuliza swali lilelile, la nyaya na kufunga, na mara hii hakuna aliyecheka. Alitikisa kichwa tu. Nilisimama pale kama mzee wa Olenguruone.

Lakini sijafika kwenye jambo lenyewe.

Unajua mimi na Ndinda tulivyokutana. Alikuwa yaya kwa Wazungu upande wa Lanet, akaja hospitalini na kidole alichojikata na kopo, nikakifunga bendeji kubwa kuliko kidonda ili arudi kuibadilisha. Alirudi. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu hatukuwa na kingine. Tulipooana tulikubaliana jambo moja, na wazo lilikuwa lake: nyumba yetu itakuwa nyumba ya Kiswahili. Aliona kwa majirani mume anazungumza na ndugu zake kilugha mke akiwa amekaa palepale kama kigogo, hajui anasemwa au anasifiwa. Akasema, "Mimi sitaki kusengenywa kwa nyumba yangu, na wewe pia sitakusengenya." Basi Kimaragoli nilikiacha mlangoni pamoja na viatu, naye Kikamba chake vivyo hivyo. Akiteleza nilimtania, nikiteleza alininyima chai. Mideva akazaliwa Mswahili wa landhi. Tulikuwa tunajisifu kwa watu kwamba sisi nyumba yetu haina pazia.

Siku ya pili ya kulazwa, daktari alikuja kumpima. Mimi nikasimama mahali pangu pa kila siku, kando ya kitanda. "Mwambie atoe ulimi." Nikamwambia Ndinda, toa ulimi. Alinitazama. "Mwambie afunge macho." Nikamwambia. Alinitazama vilevile. "Ainue mkono wa kushoto." Hakuinua. Daktari akampigia vidole nyuma ya sikio, Ndinda akageuka upesi. Masikio yanasikia, ni ubongo hauyapokei maneno. Daktari akalitaja neno lake la Kizungu, afasia, nami sikulijua kwa Kiswahili, nikajiambia moyoni kwamba ni kupotewa na maneno. Nikageuka kama kawaida yangu niwatafsirie jamaa za mgonjwa, na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Jamaa ya mgonjwa nilikuwa mimi.

Hapo ndipo Ndinda aliposema. Hakugugumia, hakukoroma. Alisema sentensi nzima, iliyonyooka, ikapanda na kushuka, kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake. Ilikuwa Kikamba. Daktari akanigeukia. "Anasemaje?"

Tangu nianze kazi hii sijawahi kumjibu daktari hivyo. Nilimwambia, "Sijui, bwana."

Daktari anasema hutokea. Ubongo ukiumia, lugha za baadaye zinaweza kupotea na ile aliyonyonya nayo ikabaki, au ikarudi mbele ya zingine. Kiingereza kidogo alichojifunza kwa Wazungu wake kimekwenda. Kiswahili kimekwenda, Mama, na nyumba yetu yote ilijengwa ndani ya Kiswahili. Tangu tumrudishe chumbani kwetu, Mideva anapanda kitandani anamwambia, mama, nisuke nywele, naye anamtazama mtoto kama mtu anavyotazama mtoto wa jirani aliyekosea mlango. Mtoto amegundua mwenyewe neno moja, kiw'u, kwamba ni maji. Mama yake akilisema anakimbilia kikombe. Siku hizi analileta hilo neno kila saa, kiw'u, mama? kiw'u? hata mama yake akiwa hana kiu, kwa sababu ndilo pekee analojibiwa.

Nilitafuta Mkamba. Mpishi mmoja wa kwenu alikubali kuja, akafika mlangoni, akasikia sauti, akasema hayo si maneno ya mtu mgonjwa, hayo yana mwenyewe, akarudi zake. Simlaumu. Halafu nikampata Mutiso, askari wa kambi ya Lanet niliyewahi kumfunga mguu. Jumapili akiruhusiwa alikuja, kofia kwapani, akakaa kwenye kigoda hiki nilichokalia sasa. Ndinda alipomsikia akisalimia kwa Kikamba alilia. Nami nililia, sioni haya kukuambia.

Kwa Mutiso nilijua kwamba kuna jambo linamtesa. Anasema yule mwekundu hajarudi na mvua inakuja. Anasema hivyo tena na tena, na akisema anatetemeka. Mutiso alimuuliza mwekundu ni nani, akajibu ni mwekundu, mama anajua. Je, ni ng'ombe? Ni mbuzi aliyepotea? Ni mtu? Hilo ndilo swali la pili. Ungekuwepo ungemwambia alirudi, au ungemwambia alipatikana wapi, yeye angelala. Mimi namfunika blanketi tu.

Jumapili moja Ndinda alinitazama nikimlisha uji, akasema maneno mafupi, kama matatu hivi, makali. Mutiso akakohoa. Akaniambia, "Anasema asante. Anasema wewe ni mutu muzuri sana, unachunga yeye vizuri, na Mungu atakulipa kwa hii kazi yote."

Mama, nimewahi kuambiwa na daktari, mwambie huyu hatapona, nami nikamgeukia mgonjwa nikamwambia dawa zitajaribiwa, tumwombe Mungu. Maneno machache yakiingia na mengi matamu yakitoka, najua kilichopita katikati. Nikamwambia, "Mutiso, leo mimi na wewe tunafanya kazi moja. Yeye ametia kikombe, wewe umetoa debe."

"Wacha, bwana. Maneno ya mgonjwa si maneno."

"Sema."

Aliigeuzageuza kofia yake. "Anauliza, huyu mwanaume ni nani. Na kama mama yake anajua yeye iko hapa."

Basi ndivyo ilivyo. Kumbe Ndinda amerudi msichana. Anadhani yuko katika nyumba ya mwanamume asiyemjua, na wewe hujaambiwa. Ndiyo maana ninapoingia anavuta leso kwa mkono wa kushoto na kujifunika uso. Anajifunika hasa kama ulivyojifunika wewe siku nilipokuja na baba yangu mdogo kuleta mbuzi. Siku ile sikuona uso wako, nilitazama chini nikaona miguu tu, na kidole gumba cha kushoto kilichopinda. Sasa ninao wawili, mama na binti, wanaonifichia uso, na mmoja ni mke wangu.

Ninamwosha na anaona haya. Ninamgeuza asipate vidonda vya mgongo, na machozi yanamtoka kwa aibu, msichana wa watu ameguswa na mgeni. Mke wa Barasa ananisaidia mchana, lakini jioni ni mimi. Nifanyeje? Nisipomwosha atachubuka, nikimwosha namdhulumu. Wagonjwa wa watu nawaosha na hawanijui, na kazi inakwisha upesi. Kwake naosha nimegeuza uso.

Nilimwomba Mutiso anifundishe kusema, mimi ni mume wako. Nikajifunza vizuri, sauti ya kupanda na ya kushuka, nikaenda kando ya kitanda nikasema. Alijifunika leso mpaka kichwani. Neno langu peke yangu lina uzito gani? Kila mwizi husema yeye ni mwenye nyumba.

Kwa hiyo, Mama, nakuomba uje.

Najua ninachoomba. Nina chumba kimoja, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Nimeshalifikiria. Siku utakayofika mimi nitahamia kwa Barasa, chumba cha pili, tumekubaliana naye na mkewe. Chumba kitakuwa chako na Ndinda na Mideva. Sitakanyaga humo. Kuni na maji nitaweka mlangoni na kukohoa, halafu niondoke. Mutiso aliniambia kwenu kuna namna ya kuilegeza aibu hiyo kwa mbuzi na blanketi. Kama ni kweli sema tu, blanketi nitanunua hata kesho. Na wazee wakisema kwamba jambo kama hili halijaonekana, waambie na ugonjwa huu nyumbani kwenu haujaonekana.

Kumleta Ndinda kwako haiwezekani. Daktari anasema moyo wake hautavumilia safari. Nami siwezi kuja kukuchukua, maana nikimwacha na mke wa Barasa siku mbili, nani atamwinua? Na liko jambo ambalo Kioko atataka kuliruka, Kioko, nakuona: daktari anasema kipande kingine cha damu kinaweza kubanduka kama kile cha kwanza. Inaweza kuwa mwaka ujao, inaweza kuwa Kioko akiwa bado anasoma barua hii. Hapa hatuna dawa ya kukizuia. Nilimuuliza mara mbili, kwa Kizungu changu chote.

Siombi umponye. Ombi langu ni dogo. Ukae kando ya kitanda, umwambie kwa lugha aliyobaki nayo kwamba ulipokea mbuzi, kwamba mlikula, kwamba ulijifunika uso kwa sababu ilikuwa sherehe. Umwambie ana mtoto na mtoto ni yule mwenye kikombe. Umwambie huyu anayemwosha ana haki ya kumwosha. Nikifa nikiwa mgeni kwake nitavumilia, lakini yeye asife akidhani yuko nyumba ya watu na mama yake hana habari.

Kioko akusindikize kwa garimoshi. Hali ya hatari hii haijaisha, kila stesheni askari wanauliza vipande, zile karatasi za utambulisho, hasa Nairobi, kwa hiyo mpitie kwa chifu awaandikie kwamba mnakwenda kwa mgonjwa. Msilale Nairobi. Hapa nitakuwa stesheni. Usiogope kwamba nitakutazama. Nitatazama chini kama siku ile, na abiria wote wakishuka nitakutambua kwa miguu.

Nisalimie mjomba wa Ndinda aliyenipa kiti siku ya mahari wakati wengine walinisahau nimesimama. Nisalimie dada yake mkubwa aliyeolewa ng'ambo ya mto, na mwambie Mideva amechukua pua yake. Nisalimie mama mzee wa nyumba ya juu aliyenicheka nilivyotamka jina la Ndinda. Mwambie sasa natamka sawasawa na hakuna wa kunisikia. Shemeji Kioko, salamu zako ndizo hizi, na pole kwa kazi niliyokutwika.

Nimalizie na jambo moja, ndipo utajua kwa nini naharakisha. Mutiso hayupo tena. Kikosi chake kimeondolewa Lanet, wamepelekwa msituni, na wale wa kwenu waliokuwa naye wamekwenda pamoja. Jumapili ya mwisho, baada ya lile la mume kushindwa, nilimwomba anifundishe sentensi nyingine: mama yako anakuja. Niliisema. Ndinda akashusha leso. Alinishika mkono, Mama, kwa mkono wake wa kushoto, akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Alikula uji wote.

Tangu siku hiyo ndiyo dawa niliyo nayo. Naisema asubuhi, naisema jioni, na bila hiyo hali chakula. Nikimaliza kuisema ananiuliza neno moja fupi, kila mara lilelile, akiutazama mlango. Sijui ni neno gani, lakini mtu akiambiwa mama yako anakuja, anauliza nini kingine ila, amefika? Namwona akingoja nijibu. Najua kusema unakuja. Mutiso aliondoka kabla hajanifundisha kusema, "bado".

Ni mimi mkweo, ningali kichakani,
Zakayo Mudaki, Baba Mideva.